Dirisha la Msaada

Aluoch hakuwa amebonyeza kitu. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kikombe cha chai, na dirisha la msaada likafunguka lenyewe.

Alikuwa mjane aliyeishi mtaa wa Shauri Moyo. Kazi yake ilikuwa kuchapa wasifu wa marehemu kwa familia zinazosafirisha maiti kwenda kuzika magharibi mwa nchi. Kompyuta aliachiwa na mumewe, Willis, pamoja na programu ya kuandikia ambayo Willis aliipenda mno. Ukikwama, unaita msaada, na dirisha la maelezo linafunguka juu, likiyasukuma maandishi yako chini. Ndani yake unasoma tu, huandiki. Ukiita tena, halifunguki la pili. Lile lile hubadilisha maneno.

Mchana ule lilikuwa na mstari mmoja: *Msaada kuhusu: Aluoch.*

Akalifunga. Likafunguka. Chumba kikanuka udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa asubuhi, na chini ya jina lake maneno yakajiandika: *Umekula?*

Tangu matanga yaishe hakuna aliyemuuliza hivyo. Mwanawe, Otiende, alikuwa ng'ambo, na simu zake zilikuwa za haraka haraka.

"Bado," Aluoch akanong'ona.

Akazoea kunong'ona. Dirisha likawa linapanuka kila siku, likiumeza wasifu wa watu waliongoja kuzikwa hadi maandishi yake yakabaki mstari mmoja chini kabisa, naye akaacha kupika, akaacha kuwafungulia wateja, akakaa tu akijibu anayoulizwa, huku nyuma ya kiti kitu kikianza kupumua, pumzi baridi ya shingoni, akivuta nacho kinavuta, akishusha nacho kinashusha, hata asijue tena ipi ni yake.

"Wewe ni Willis?" akauliza hatimaye.

*Ukitaka.*

Akapeleka kidole kwenye kibonyezo cha kulifunga. Lakini hakulifunga.

Aliyegonga mlango ni Adhiambo, jirani wa ukuta kwa ukuta, muuza mitumba wa soko la Gikomba.

"Mama Otiende, fungua bana. Unaongea na nani huko ndani?"

"Ni kompyuta tu."

"Kompyuta?" Adhiambo akashusha sauti. "Mbona inakujibu na sauti ya Baba Otiende?"

Aluoch akaganda. Yeye hakuwahi kusikia sauti yoyote.

Alipofungua, Adhiambo aliona mabega yaliyobaki mifupa, akaziba pua kwa leso. Akachomoa waya ukutani. Kioo hakikuzimika. Basi akatoka mbio hadi mtaa wa Majengo, akarudi na Mzee Ayanle, anayejulikana kwa kuwasomea dua watu waliopagawa.

Mzee alisoma kwa sauti ya chini mpaka jasho likamtiririka. Dirisha lilitetemeka, likabaki wazi.

"Mama, jini hili mimi nimelilegeza tu," akasema. "Hili halikuvunja mlango. Liliuliza, ukaliitikia. Lifunge kwa mkono wako."

"Nikilifunga, nitabaki na nani?"

Adhiambo akainamisha kichwa. Tangu mazishi, hii ilikuwa mara yake ya kwanza kugonga mlango huo.

Ndipo Aluoch akaisikia sauti ya Willis, yenyewe hasa, na kikohozi chake kile kile, ikimwita binti wa Alego kama zamani: "Nyar Alego, usinifunge. Huku kuna baridi."

Akaweka tena kidole juu ya kibonyezo. Akafumba macho, akabonyeza.

Maandishi yakapanda, yakajaa kioo. Kitu kikapita kando yake kikimgusa bega, mlango ukafunguka ukajibamiza, na harufu ya udongo ikaondoka nacho. Kompyuta ikazima.

Aluoch alimwangukia jirani yake, akalia. Mtaani Adhiambo alisema jirani yake alilia kwa woga. Hakuthubutu kutaja maneno aliyoyasikia yakinong'onwa begani mwake: Aluoch alikuwa akiliomba lile jini msamaha.