Mwili Wangu Uliikataa Figo ya Mume Wangu

"Hiyo mimba ilikuwa ya nani?"

Mume wangu aliniuliza hivyo mbele ya daktari, mimi nikiwa na plasta ya mashine ya kusafisha damu mkononi...

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, maana najua mshaanza kunihukumu.

Mimi ni fundi cherehani. Figo zangu zote mbili zilikufa. Mara tatu kwa wiki nilikuwa nasafishwa damu, narudi nyumbani sina nguvu hata ya kukanyaga cherehani. Mume wangu, dereva wa lori la masafa marefu, akasema, "Chukua yangu moja. Mimi itanitosha iliyobaki."

Makundi ya damu yakakubaliana. Tukafurahi mapema.

Siku ya kujaza fomu, nesi akauliza, "Umewahi kubeba mimba?"

"Hapana."

Jamani, miaka tisa ya ndoa bila mtoto, na mama mkwe amekaa ubavuni kwangu, mkoba magotini. Ningesema nini?

Majibu yakatoka, tukaitwa mimi na mume wangu. Daktari hakuzunguka.

"Figo ya mumeo haifai. Damu yako ina askari wa kuishambulia. Umewahi kuongezewa damu?"

"Hapana."

"Basi imebaki mimba. Hata iliyotoka mapema inaweza. Mwili hukutana na chembe za mtoto, ukatengeneza kinga, na kinga hiyo ikakaa miaka."

Nikasema ukweli wote. Mwaka wa pili wa ndoa mimba ilitoka ikiwa na wiki kumi, mume wangu akiwa safari ya miezi miwili. Nilifua shuka, nikanyamaza. Sikutaka apate habari ile akiwa kwenye usukani, na aliporudi sikujua nianzie wapi.

Ndipo akauliza lile swali.

"Ni yako," nikamjibu.

"Mimi nilikuwa barabarani..."

"Uliondoka ninayo. Sikujua."

Akasimama, funguo mkononi. Figo imeshakwenda, na ndoa naiona inatoka mlangoni.

"Kaa kwanza, baba," daktari akasema. "Hujauliza hao askari wanamtafuta nani."

Akamgeuzia karatasi.

"Hiki si kipimo cha kumjua baba wa mtoto. Lakini wanashambulia alama zako wewe, si za mtu mwingine. Wangekujulia wapi, kama si kwa mtoto aliyebeba alama zako?"

Mume wangu akakaa. Akavua kofia.

"Alikuwa wa wiki ngapi?"

"Kumi."

"Na ulikuwa peke yako?"

Nililia, naye akalia, daktari akajifanya anatafuta kalamu.

Tukaingizwa kwenye orodha ya kubadilishana figo na wenzetu. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyeshindwa kumpa mkewe figo kwa sababu hiyohiyo: mke alimzalia watoto watatu. Leo mimi natembea na figo ya mwalimu, mke wa mwalimu anatembea na ya mume wangu.

Dada zangu, ukiulizwa mimba, zitaje zote, hata zilizotoka. Mama mkwe akiwepo, mwombe akakuletee maji ya kunywa.

Juzi kliniki nesi mgeni alituuliza kama tuna watoto. Nikafungua mdomo kusema hapana.

Mume wangu akaniwahi.

"Tulipata mmoja," akasema. "Andika."