Kibati cha Limi Hakijarudi

Jumanne, saa saba mchana, kibati ambacho Elieth alikuwa amekwisha kukitangaza kuwa kimepotea kilitembea kilomita sita.

Aliliona jambo hilo kwenye simu akiwa ofisi ya walimu, mkono mmoja una kalamu nyekundu, mwingine unafukuza nzi kwenye kiporo cha viazi. Akadhani ni mtandao. Masumbwe mtandao huyumba hata kwa wingu. Akatazama tena. Mstari mwembamba wa buluu ulikuwa umetoka upande wa Runzewe, kwenye maduara ya zamani, yale mashimo ya dhahabu ambayo wachimbaji waliyakimbia, ukapita porini bila kufuata njia yoyote ya watu, ukakoma katikati ya mashamba. Ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na ulielekea Masumbwe.

Kibati chenyewe kilikuwa kidogo, sawa na kifuniko cha soda, kimechongwa nambari. Elieth alikuwa mwalimu wa jiografia, na mchezo huu aliupata chuoni: mtu anaficha kikopo mahali, anaandika vipimo vyake vya ramani kwenye ukurasa wa mchezo, wengine wanakitafuta kwa simu. Ndani ya kikopo mna kijidaftari cha kusaini na vitu vidogo vya kubadilishana. Sheria yake aliwafundisha wanafunzi mpaka wakawa wanaiimba: ukichukua kitu, acha kitu cha thamani ileile. Vibati ndio wasafiri wa mchezo. Anayekikuta anakibeba, anakipeleka kikopo kingine, anaandika amekiacha wapi, ramani ya ukurasa inachora mstari wa safari, na mwenye kibati anakaa kwake akifurahia kilomita.

Hiki alikiandikisha kwa jina la binti yake, Limi, wa miaka minane. Na ili kisiende mikono mitupu, alikifunga zile shanga za kiunoni alizovaa Limi alipokuwa mchanga. Siku hiyo mama yake Elieth, Bibi Febronia, aliyekuwa akiishi nao, aliacha kuchambua mchele.

"Shanga za mtoto unazituma wapi?"

"Duniani, mama. Zikatembee."

"Zikikaa kwa mtu tusiyemjua?"

"Ni mchezo tu, mama."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Kibati kikaanza vizuri. Selestine, mpima ardhi wa Kahama, alikitoa kwenye kikopo cha Nyasubi, ambamo Limi na mama yake walikiacha na Limi akasaini kijidaftari, akakihamishia kwenye kikopo alichokuwa amekificha kule kwenye maduara. Baada ya siku tatu mtu mwingine akaandika kwamba amekichukua. Alijiita Mwenyeji. Hakuwa na picha, na hakuwa amewahi kutafuta kikopo kingine chochote. Tangu hapo, kimya.

Elieth hakuwa na papara. Alifanya kama mchezo unavyotaka: alisubiri mwezi, kisha akamwandikia kwa adabu. Shikamoo, samahani kwa usumbufu, naona kibati cha mwanangu bado unacho, ukipata nafasi kiache kwenye kikopo chochote. Hakujibiwa. Akamwomba Selestine akaangalie. Selestine akakikuta kikopo mahali pake, kijidaftari kikavu, kibati hakimo.

"Mwalimu, panya wa kule ni matajiri," alimtania kwenye simu. "Kuna mmoja atakuwa amevishwa zile shanga anaolewa."

Mwezi wa tano wa kungoja Elieth alichoka. Alifungua ukurasa, akabonyeza pale mwenye kibati anapotangaza kwamba kimepotea, na jambo likaisha. Vibati hivi huuzwa viwili viwili, nambari moja, kimoja cha kusafiri na kimoja cha akiba. Akakitoa cha akiba, akakitia kamba, akamvalisha Limi shingoni.

"Hiki hakiendi popote," alimwambia. "Hiki kinakaa na wewe."

Wiki tatu baadaye ikawa hiyo Jumanne.

Jioni alipofika nyumbani alimkuta Limi amekaa kwa bibi yake, mzima kabisa. Mwalimu wake wa darasa alikuwa amemleta mwenyewe. Alisema kwamba mchana, kwenye foleni ya uji, mtoto alisimama ghafla na bakuli mkononi, wenzake wakamsukuma, wakamcheka, wakamwimbia, naye hakupepesa jicho. Kama dakika moja. Kisha akaendelea kutembea kama aliyekuwa akisubiri gari lipite.

Usiku Elieth alipochukua simu akakuta ujumbe kutoka kwa Mwenyeji. Miezi minne baada ya salamu yake, jibu lilikuwa neno moja.

Marahaba.

Jumatano, saa saba, mstari ulisogea kilomita sita nyingine, na Limi alisimama dakika tano. Alhamisi alisimama robo saa, na Elieth, aliyekuwa ameomba ruhusa ili amwone kwa macho yake, alimshika mkono akaukuta wa baridi kama ndoo ya maji ya kisimani, jua likiwa utosini. Alinuka. Si jasho, si uchafu. Ilikuwa harufu ya ndani ya duara, udongo ambao haujawahi kuona jua, maji yaliyolala na moshi mkongwe wa baruti. Baba wa Limi, Enock, alipigiwa simu huko Geita alikokuwa akifanya kazi, akasema mpelekeni hospitali. Wakampeleka. Huko walimtoboa kidole, wakamwangalia macho, wakasema malaria hana, mtoto ni mzima, apumzike.

Usiku huo Elieth akamweleza mama yake habari zote, mpaka ile siku ya kubonyeza.

"Uliandika kabisa kwamba kimepotea?" Bibi Febronia aliuliza kwa sauti ya chini, kwa kuwa Limi alikuwa amelala chumba cha pili.

"Niliandika."

"Mbele ya watu?"

"Ukurasa ule unaonwa na dunia nzima, mama."

Bibi alivuta kanga yake mabegani. "Baba yako alipotelewa na ndama jike. Miaka minne. Watu wakimuuliza anasema, hajarudi bado. Wakimcheka, hajarudi bado. Unajua kwa nini? Mfugaji akishasema mbele ya watu kwamba mnyama wake amepotea, basi, amelegeza kamba. Aliyemshika kule hashiki tena cha mtu. Yule ndama alirudi ng'ombe mzima, Elieth, ana watoto wawili. Wewe shanga za mwanao umezilegezea kamba."

Elieth akafungua ukurasa palepale alifute lile tangazo. Akabonyeza, akasubiri, na maandishi yakatokea: taarifa hii inaweza kubadilishwa na mwenye kibati peke yake. Chini yake, palipokuwa na jina lake tangu siku ya kwanza, paliandikwa mwenye kibati: Mwenyeji.

Jumamosi Selestine alipiga simu. Hakutania.

"Mwalimu, nilikwenda jana kukiondoa kile kikopo. Kijidaftari kimejaa."

"Kimejaa nini?"

"Jina la mwanao. Kurasa zote. Mwanzoni herufi zimelala lala, kama za mtoto anayeanza kuandika. Kadiri unavyofunua zinanyooka." Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Ukurasa wa mwisho ni mwandiko wake, Mwalimu. Ule aliouandika kwenye kikopo cha Nyasubi. Nimelinganisha."

Jumapili, baada ya misa, Bibi Febronia hakurudi nyumbani na wenzake. Alipanda pikipiki akaenda Runzewe kwa Rhoda, mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga sokoni, ambaye wachimbaji humwendea kimyakimya kwa dawa duara linapowakataa. Alikuja naye Jumanne. Rhoda alikuwa mfupi, mcheshi, mikono inanuka mafuta, na alipoketi alimtania kwanza Limi kuhusu pengo la jino lake la mbele. Kisha akauona mstari kwenye simu, ukiwa umebakiza kilomita sita tu, na uchangamfu ukamtoka.

"Mama Limi, huyu si mwizi," alisema. "Mwizi angejificha. Huyu anakuja na cha kwako mkononi, mchana, kwa sheria. Hiyo sheria ya mchezo wenu inasemaje?"

Elieth hakutaka kuitamka. Limi, aliyekuwa akichora sakafuni, ndiye aliyejibu, kwa kuimba kama darasani: "Ukichukua kitu, acha kitu cha thamani ileile."

Watu wazima watatu wakatazamana.

"Kesho," Rhoda alisema, "milango ifungwe kabla ya saa saba. Mtoto akae mapajani mwako. Utasema neno moja tu, hajapotea, ni wangu, hajapotea, ni wangu, mpaka saa ipite. Usinyamaze hata kwa kumeza mate. Kamba umeilegeza kwa mdomo, itakazwa kwa mdomo. Na lolote litakaloita nje, usilijibu."

Jumatano walifunga milango na madirisha. Rhoda akakaa mlango wa uani, akifukiza majani yake kwenye kigae. Bibi Febronia akapiga magoti pembeni na rozari. Elieth alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa mbele, Limi mapajani, kile kibati cha akiba kikiwa kifuani kwa mtoto, na alianza kusema neno lake mapema, kwa nguvu, kama anayesomesha darasa la watoto sitini.

Hajapotea, ni wangu.

Saa saba ilipogonga mtoto aliganda. Hapo ndipo sauti za mtaa zilipoanza kuondoka moja moja, kwanza karasha la kusagia mawe kule ng'ambo ya barabara, kisha redio ya jirani, kisha kuku, kisha hata yale mabati ya paa ambayo kila mchana hulia kwa joto yakatulia, kikabaki kimya kizito chenye harufu ya duara, harufu iliyopita chini ya mlango ikatambaa sakafuni ikaufikia mkeka, na Elieth akasema hajapotea, ni wangu, akasema mpaka ulimi ukawa mkavu kama gome, na nje, kwenye changarawe, akasikia hatua, si nzito, si za kunyemelea, hatua nyepesi za miguu midogo isiyo na viatu, na kati ya hatua na hatua mlio mdogo wa shanga zikigongana, mlio alioujua tangu mwanawe anajifunza kutambaa, nazo zikaja, zikaja, zikasimama mlangoni.

"Mama."

Hajapotea, ni wangu, hajapotea.

"Mama, fungua. Jua linaunguza."

Ilikuwa sauti ya Limi, na ile s ndogo inayopita kwenye pengo. Elieth akamkumbatia aliye mapajani, na aliye mapajani alikuwa wa baridi, mgumu, macho wazi yasiyomwona, kifuani ana kibati cha akiba. Na aliye nje alikuwa analia sasa, kilio kile cha mtoto aliyetembea mbali mno, akisema mama nimetembea siku tisa, mama miguu inauma, mama mbona ulisema nimepotea, na Elieth, aliyekuwa akisema ni wangu, ni wangu, akahisi neno likimgeukia mdomoni, kwa sababu hakujua tena analisema juu ya yupi, na kama huyu wa baridi ndiye aliyeletwa na yule wa mlangoni ndiye aliyemzaa, basi kila alipokaza kamba alikuwa anamfungia mwanawe nje, juani.

Alinyamaza. Pengine kwa pumzi moja. Mkono wake ukavuta komeo.

"Usifungue," Rhoda alisema kutoka uani, taratibu, kama mtu anayeona chungu kikiwa tayari hewani.

Mwanga ukaingia. Nje hapakuwa na mtu. Kwenye kizingiti kulikuwa na kibati chake, kimefungwa zile shanga, zimejaa udongo mweupe. Karasha likaanza kusaga. Kuku wakalia. Na nyuma yake, kwenye mkeka, mtoto akapiga chafya, akajinyoosha, akasema:

"Mama, nina njaa."

Bibi Febronia alimshukuru Mungu kwa sauti. Elieth alimbeba mtoto, akamnusa shingo, akamshika mikono na miguu. Ilikuwa ya moto, laini, mizima. Alicheka na kulia pamoja. Ni Rhoda peke yake aliyekuwa akifunga kigae chake katika kitambaa bila kuwatazama, na alipoondoka hakumuaga Limi.

Jioni Elieth alikumbuka simu. Ukurasa ulikuwa umeandikwa, saa saba na nusu mchana, Masumbwe.

Nimechukua moja. Nimeacha moja. Thamani ileile.

Chini yake, ingawa kibati kilikuwa mezani mbele yake, mstari wa buluu ulikuwa umerudi kule ulikotoka, kwenye maduara, kwa hatua moja. Tangu siku hiyo haujasogea hata mita.

Sasa ni mwezi wa saba tangu hapo. Mtoto anasoma vizuri. Jino la mbele limeota. Anakula, anacheka, hasimami tena saa saba, na Enock akija mwisho wa mwezi anasema binti yake amekua mtulivu. Watu wakimuuliza Elieth, Limi hajambo, hujibu hajarudi bado, nao hudhani anazungumzia shule.

Kila mwisho wa mwezi hukaa mezani akafungua ukurasa. Haombi kwa hasira wala hatishi, maana hana cha kutishia. Anafanya kama mchezo unavyotaka. Juzi tena aliandika, mtoto akiwa upande wa pili wa meza anakunywa uji. Shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Naona bado unaye.

Hakuwa amebonyeza kutuma. Hakuwa amesema lolote kwa sauti.

Mtoto akashusha kikombe, akajifuta mdomo kwa kiganja, na bila kuinua macho akaitikia:

"Marahaba."