Sauti Ndani ya Ukuta

Kila Jumamosi kazi zilikuwa zilezile. Shungi alifua sare zake na za mdogo wake, akazianika, akadeki sebule, kisha akakaa kwenye ngazi ya mlangoni akilitazama geti. Lilikuwa geti la chuma, refu kumpita baba yake, na nje yake hakukusikika kitu ila mbwa wa jirani.

Shungi alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo lilitokana na nywele zake za utosini, zilizosimama na kukataa kila kitana. Mdogo wake, msichana wa miaka saba, walimwita Tembe, kwa kuwa alizaliwa mdogo kama tembe ya dawa.

Baba yao alikuwa fundi wa majokofu. Alikulia kota, yaani nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, wakati babu yao akiendesha mashine ya kufuma. Kiwanda kilifungwa zamani, watu wakahama, lakini baba hakuhama moyoni. Hakukaa mezani bila kuzisimulia kota.

"Sisi bwana," alikuwa akisema, "tulitoka asubuhi tukarudi jua linazama. Hakuna aliyetuuliza tulikuwa wapi. Njaa ikituuma, tunaingia nyumba yoyote tunakula. Nyinyi wa siku hizi mmelainika kama mkate uliolowa chai."

"Basi tufungulie geti, baba," Shungi alimwambia siku moja.

"Zama zimebadilika, mwanangu."

"Zimebadilishwa na nani?"

Mama, aliyekuwa muuguzi, aliangua kicheko. "Haya, mjibu mwanao!"

Baba alisukuma kiti nyuma. Alichukua mfuko wake wa vifaa, akaenda kazini.

Jumamosi moja baba aliitwa kutengeneza jokofu la bucha. Mama alikuwa amelala, amechoka baada ya zamu ya hospitali. Shungi alisogea kitandani taratibu.

"Mama, shangazi ametuita tukamsaidie kupanga vyombo."

Shangazi yao alikaa mtaa wa pili. Mama hakufumbua macho. "Mmh. Nendeni. Mshike mwenzio mkono."

Uongo ulimtoka laini, kama sabuni inavyoponyoka mkononi. Shungi akachukua ufunguo, wakatoka.

Hawakwenda kwa shangazi. Walipita kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu, wakapita ghala la saruji na mlinzi wake aliyekuwa akisinzia kitini, wakaingia kwenye njia iliyoota majani, ile baba aliyozoea kuitaja. Jua lilikuwa la utosini. Njia ilipokunja kona, wakaziona kota.

Zilikuwa kama baba alivyosema, na hazikuwa. Nyumba zilipangana safu kwa safu, lakini hazikuwa na milango wala madirisha. Bembea ilibaki nguzo tupu. Kwenye baraza moja, watoto wa zamani walikuwa wamegandamiza viganja vyao kwenye saruji mbichi. Shungi aliweka mkono wake juu ya kiganja kimoja. Kilimtosha sawasawa, kama soli kwenye kiatu chake. Akauondoa mkono haraka bila kujua kwa nini.

"Dada, mbona hakuna ndege?" Tembe aliuliza.

Kweli, hapakuwa na ndege. Hapakuwa hata na upepo.

"Wamelala," alijibu Shungi. "Njoo tucheze kujificha."

Mara ya kwanza Tembe alijificha nyuma ya nguzo, akacheka mwenyewe, akakamatwa. Mara ya pili aliapa kwamba hatapatikana. Shungi aliinamisha uso ukutani, akafumba macho.

"Tayari?"

"Bado!" Sauti ya Tembe ilitoka mbali kidogo, nyuma ya nyumba.

Akasubiri. "Tayari?"

Kimya. Kisha akasikia kishindo, kama bati lililokanyagwa, na kimya tena.

"Tembe, tayari?"

"Baadoo..."

Safari hii sauti haikutoka nyuma ya nyumba. Ilitoka ndani ya nyumba, pembeni yake kabisa, nzito na ndefu kama mtu anayesema ndani ya mtungi.

Shungi aliingia. Ndani mlikuwa na jiko lenye masizi ukutani, na zaidi ya hapo hamkuwa na kitu. "Nimekuona!" alisema, ingawa hakuona mtu.

"Niko hapa," sauti ikajibu.

"Hapa wapi?"

"Hapa. Kuna giza, dada."

Sauti ilikuwa inatoka ukutani. Shungi akarudi nyuma. Alikimbilia nyumba ya pili, na kabla hajavuka kizingiti, sauti ileile ikamlaki kutoka jikoni. "Dada, nitoe." Akakimbilia ya tatu. "Dada, nitoe." Kila nyumba ilikuwa na Tembe wake ukutani, na hakuna nyumba iliyokuwa na Tembe.

Shungi alitimua mbio. Alikimbia bila kutazama nyuma mpaka kwenye ghala la saruji, akamwamsha mlinzi kwa kelele.

"Mzee, nisaidie! Mdogo wangu amemezwa na ukuta!"

Mlinzi alisimama. Alipoonyeshwa upande wa kota, akakunja uso. "Kule? Mjukuu wangu, kule mimi siendi tena. Kila Jumamosi nasikia watoto wanacheka. Nikienda kuangalia, sikuti hata unyayo. Nikajiambia, mambo mengine ni ya kuyaacha yalivyo."

Shungi aligeuka kuitazama njia ya nyumbani. Alitamani kurudi nyumbani na kusema Tembe amepotelea njiani, au aseme lolote lile lisilo kota. Lakini ni nani angeenda kumtafuta kota kama yeye hasemi?

"Niazime simu, mzee."

Baba alipokea. Shungi alisema yote kwa pumzi moja. "Baba, nimemdanganya mama. Hatuko kwa shangazi. Tuko kota. Tembe haonekani, ila sauti yake iko ukutani."

Baba alisema kwa sauti ya chini sana.

"Ukuta wa jikoni?"

"Ndiyo, baba. Umejuaje?"

"Nisikilize. Rudi jikoni, ongea naye, usinyamaze hata kidogo. Nyuma ya nyumba usikanyage. Umenisikia? Usikanyage. Nakuja."

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kukimbia. Mlinzi alimsindikiza mpaka kwenye kona, akasita, akajikohoza, kisha akasema, "Hebu twende tu." Lakini mlangoni pa nyumba ya kwanza alibaki nje, na Shungi akaingia peke yake. Alipiga magoti kando ya ukuta. Sasa aliona tundu dogo karibu na sakafu, lenye mdomo wa bomba uliooza kwa kutu. Hewa baridi ilitoka ndani yake.

"Tembe, niko hapa. Umeumia?"

"Mguu. Kuna maji."

"Yamefika wapi?"

"Magotini. Dada?"

"Naam."

"Ni nani hao wanaocheka?"

Shungi hakuwa anacheka. Mlinzi pale nje hakuwa anacheka. Alitega sikio, na kweli, mbali sana ndani ya bomba, akasikia vicheko vyembamba vya watoto. Kisha vikakatika ghafla, kana kwamba vimezibwa mdomo.

Machozi yalimtiririka, lakini hakunyamaza. Alisema majina ya masomo ya shule, akahesabu kwa tatu tatu, akasimulia walichokula jana, hata akamwimbia Tembe wimbo wa kunawa mikono. Sauti ya Tembe iliendelea kumjibu, ikizidi kufifia.

Baba alifika na pikipiki, kamba begani, na mwashi wa mtaa wao amepakiwa nyuma akiwa na ngazi. Hakuuliza kitu. Alienda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akitangulia kupapasa majani kwa fimbo, mpaka fimbo ikagonga bati lililopinda. Chini yake palikuwa na shimo jeusi.

"Tembe!"

"Baba!" Safari hii sauti ilitoka chini ya ardhi, na ilikuwa sauti ya mtoto wa kawaida anayelia.

Walimtoa amejaa tope mpaka kwapani, kifundo cha mguu kimevimba. Baba alimkumbatia kwa nguvu mpaka Tembe akalalamika kwamba anambana.

Nyumbani, mama aliufunga mguu wa Tembe bendeji. Kisha akamgeukia Shungi. "Ningeamka na kuwafuata kwa shangazi. Ningekaa pale nikiwasubiri, na mwanangu yuko shimoni. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

Baba alieleza. Kota zote zilikuwa zikichota maji ya mvua kwenye tangi moja la chini ya ardhi. Kila jiko lilikuwa na bomba lake na pampu ya mkono. Pampu ziliibwa, mfuniko ukauzwa chuma chakavu, mabomba yakabaki wazi. "Anayesema ndani ya tangi," alisema, "anasikika nyumba zote."

"Na waliocheka?" Shungi aliuliza.

Hilo baba hakulijua, na usiku ule Shungi hakupata usingizi.

Jumatatu shuleni, pacha wawili wa yule mwashi waliwakusanya wenzao chini ya dirisha la darasa. "Tulikuwa kota Jumamosi, nyumba za mwisho kabisa," alisema mmoja, macho yamemtoka. "Tunacheza gololi. Mara ukuta ukasema, 'Dada? Ni nani hao wanaocheka?' Tulikimbia mpaka ndala zangu zikabaki. Kule kuna jini, tena jini la kike!"

Shungi alianza kucheka, kisha akaona kwamba si jambo la kuchekesha. "Jini hilo ni mdogo wangu," alisema. "Nanyi mngeweza kutumbukia kabla yake. Baba yenu anajua kwamba mnaenda kule?"

Baba yao hakujua. Wanafunzi walipoulizana, wakagundua kwamba karibu nusu ya darasa huenda kota kisirisiri, kila kundi kwa njia yake na kwa uongo wake. Jioni ile Shungi aliwaongoza pacha hadi kwa baba yao, wakasema wenyewe.

Mwashi alilifunika tangi kwa zege kabla wiki haijaisha. Wazazi wa mtaa walikutana, wakagombana kidogo, wakaelewana. Jumamosi iliyofuata, mchana, barabara yao ilizibwa kwa mawe pande zote mbili na mageti yakafunguliwa. Mshonaji alitoa cherehani yake nje. Baba alilaza jokofu bovu mlangoni akalifanyia kazi palepale. Mlinzi wa ghala, ambaye siku hiyo alikuwa na mapumziko, alikuja na kiti chake. Watoto walisimama kwanza kama wageni msibani, hawajui waanzie wapi. Kisha mpira ukarushwa.

Shungi alipochoka alikuja kukaa karibu na baba.

"Mlikuwa mnacheza hivi?"

Baba aliweka bisibisi chini. "Nimekuwa nikikusimulia nusu, mwanangu. Tulikuwa na mwenzetu tuliyemwita Kasuku. Alitumbukia kwenye tangi lilelile, wakati huo limejaa maji. Bibi mmoja aliyekuwa akianika nguo alimwona akipotea, akapiga yowe, watu wakaja wakamtoa hai. Mimi nimekumbuka mbio zetu miaka yote, yule bibi nikamsahau. Tulidhani hakuna anayetutazama, kumbe watu wazima walitutazama bila kutufungia. Sisi wazazi wa sasa tumejenga kuta, tukaacha kutazama. Hilo ni kosa letu."

"Na langu?"

"Lako unalijua. Mtoto anayedanganya alipo hujijengea ukuta wake mwenyewe. Ukiwa ndani yake, unaweza kulia mpaka sauti ikukauke, na wanaokupenda wasijue waanze kuchimba wapi. Cheza, Shungi. Nenda hata mbali. Lakini sema kweli unakokwenda."

Shungi aliinuka. "Baba, nakwenda mwisho wa barabara, kwa pacha."

"Nimesikia," alisema baba. "Nakuona."