Gundi ya Marehemu Baba

—Hii gundi imetoka wapi?

Muuza duka alimshangaa. Mteja alikuwa amepindua kiatu kipya, anavuta soli kwa kucha, haibanduki. Sasa anainusa.

—Ya kiwandani hiyo, dada. Toleo jipya. Hata ukikanyaga maji wiki nzima, soli haiachii.

Mteja alikuwa fundi viatu, na harufu ile aliijua tangu utotoni. Marehemu baba yake ndiye aliyeibuni gundi hiyo, na yeye fundi akaiboresha kwa miaka sita kwenye karakana yake. Vipimo alivijua yeye peke yake. Yeye na mchumba wake, mfanyakazi wa kiwanda hichohicho cha viatu.

Akampigia palepale.

—Mpenzi, gundi yangu iko dukani.

Zilisikika sauti za watu tu.

—Unanisikia?

—Niko kikaoni, mpenzi. Nitakupigia.

Hakupiga.

Kesho yake fundi alikaa mbele ya wakili, mama mtu mzima asiye na maneno mengi.

—Kwa nini hukuisajili gundi yako, mwanangu?

—Si ningelazimika kuandika vipimo, kila mtu avisome?

—Sawa. Basi hiyo ni siri ya biashara. Sheria inailinda, ila lazima uthibitishe uliitunza kama siri. Nani mwingine alijua?

—Mchumba wangu. Nilipovunjika mkono mwaka jana, yeye ndiye aliyekuwa ananichemshia gundi.

—Alisaini chochote?

—Mama, mtu anayekulisha kwa kijiko, utamsainisha?

Wakili akavua miwani.

—Hata ujumbe wa simu hakuna?

Fundi alipekua simu yake hadi akaupata:

"Vipimo ni hivi. Usimwonyeshe mtu, hasa hapo kazini kwenu."

"Naapa. Siri yako ni siri yangu."

Wakili aliusoma mara mbili.

—Huu unatosha. Lakini hatuwezi kukishtaki kiwanda tukamwacha yeye. Harusi lini?

—Wiki tatu zijazo.

Jioni mchumba alikuja karakanani, macho mekundu.

—Walikuwa wanapunguza watu, nikaogopa. Nilifanya kwa ajili yetu.

—Ungeniomba.

—Ungekataa.

—Ndiyo, ningekataa!

Mchumba akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili. Moyo wa fundi ukaanza kulainika. Alikuwa anainama amwinue, mchumba aliposema kwa sauti ya chini:

—Ile meseji... umeshaifuta?

Fundi akachomoa mikono yake.

—Kumbe umefuata meseji.

—Sikiliza kwanza...

—Toka.

Harusi ikavunjwa. Baada ya miezi minane, jaji alikikataza kiwanda kuitumia gundi ile. Kiwanda kilikuwa kimeshamfukuza mchumba, kikimwita mwongo aliyekiingiza mkenge. Lakini wafanyakazi waliohamia kwingine walihama na vipimo kichwani, na karakana tatu mjini zilishaanza kuichemsha. Jaji angewazuia wangapi?

Kwenye korido ya mahakama mchumba alikuwa amesimama peke yake, shati limempwaya.

—Hongera. Umeshinda.

—Nimeshinda nini?

Mchumba akainamisha kichwa.

—Niambie ukweli tu. Bado unanipenda?

Wakili alimwita fundi kutoka mlangoni, naye akamwashiria asubiri.

—Nakupenda, —akasema. —Ndiyo maana nakuomba usinitafute tena.