Mwalimu Asiyesubiri Jibu

"Ukimuuliza mvulana swali, unasubiri sekunde sita. Ukimuuliza msichana, sekunde moja, halafu unajijibu mwenyewe."

Aliyasema hayo ndani ya maabara yangu ya fizikia, amekalia kiti changu, huyo mtafiti wa elimu ambaye kwa ajili yake nilikuwa napiga pasi mashati wiki ya tano sasa. Wanafunzi walimwita Bibi Saa. Alikaa nyuma ya darasa na saa ya kuhesabia sekunde, na kila nilipouliza swali, aliandika kitu kwenye fomu.

"Mimi?" nikacheka. "Mimi nimelelewa na shangazi na dada wanne. Nyumba nzima wanaume tulikuwa wawili, mimi na jogoo."

"Hao dada zako walikuwa wanamaliza sentensi?"

Nikaanza kufuta ubao uliokuwa safi tayari.

Akanisogezea fomu. Kulikuwa na msichana wa dawati la mwisho ambaye shule nzima tulimwita Kimya. Mbele ya jina lake: maswali manne, majibu sifuri.

"Huyo haongei," nikajitetea.

"Mara zote nne alifungua mdomo. Mara zote nne ulimuwahi."

"Haya, takwimu nimezipokea. Na lile la jana pale getini?"

"Lipi?"

"Si unajua. La ndoa."

Akaweka kalamu chini.

"Jana uliniuliza kama nitakubali kuolewa na wewe. Nikavuta pumzi nijibu. Ukasema, 'Basi, nimeelewa, namwambia shangazi.' Leo saa moja asubuhi shangazi yako amempigia mama yangu. Wameshaanza kubishana rangi ya mapambo. Mama ananiuliza nilisema nini, namwambia mimi sijasema kitu."

"Lakini moyoni ulikuwa umekubali, maana nilivyokuangalia..."

"Unaona?"

Akakusanya fomu zake. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alionekana amechoka.

"Narudi baada ya mwezi kwa duru ya pili. Mpaka hapo, mwambie shangazi apumzike."

Nilimpenda yule dada, jamani. Nikabaki peke yangu maabarani na mabomba yanayovuja, nikijua naweza kumkosa kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe. Nikapiga simu.

"Shangazi, mchumba hajakubali bado."

"Hajakubali vipi? Si ulisema amekubali?"

"Nilisema mimi, Shangazi. Yeye hakusema."

Nikasikia akizima redio yake.

"Kumbe umenirithi," akasema.

Jumatatu nikaingia darasani na balbu mbili, betri moja na nyaya.

"Nimeunganisha balbu moja, inawaka vizuri. Nimeongeza ya pili, mfululizo, kwenye waya uleule, zote zimefifia. Kwa nini? Kimya, tuambie."

Mikono ya wavulana ikapaa. Nikaitazama, nikauma ulimi. Moja, mbili, tatu. Kusubiri ni kazi ngumu, nyie. Sekunde ya tano nilitaka kumsaidia. Ya nane, jasho. Ya kumi na moja, Kimya akasimama.

"Ukinzani umeongezeka, Mwalimu, kwa hiyo mkondo wa umeme umepungua." Akameza mate. "Lakini mbona nyumbani ukiwasha taa ya jikoni, ya sebuleni haififii?"

Lile lilikuwa somo la wiki inayofuata, la kuunganisha taa sambamba, kila moja na njia yake. Mtoto amefika kabla yangu.

Mchana nikamtumia Bibi Saa ujumbe: "Leo nimesubiri sekunde 11. Kimya ameongea."

Jibu likaja: "Alisema nini?"

Nikamwandikia swali zima, neno kwa neno, bila kuongeza langu hata moja.

"Swali zuri kuliko yako yote," akajibu. Nilisoma ujumbe ule mpaka simu ikaisha chaji.

Mwezi ukapita, akarudi na saa yake. Alikaa nyuma vipindi vitatu. Cha mwisho kilipoisha, wavulana walibaki kuosha vyombo vya maabara, kazi ambayo zamani niliwapa wasichana bila hata kufikiri. Walipotoka, akaja mbele na fomu.

"Wavulana sekunde tano. Wasichana sekunde tano. Kimya, maswali saba, majibu saba."

"Mawili alikosea," nikasema.

"Ndiyo raha yake."

Nikaona nikichelewa nitakufa nalo.

"Nina swali moja, si la fizikia. Utakubali kuolewa na mimi?"

Akanitazama. Akatoa saa mfukoni, akabonyeza.

Nikanyamaza. Sekunde ya kumi nikataka kumweleza kwamba nimebadilika. Ya ishirini nikataka kusema hata kama ni hapana nitaelewa. Nikashika meza kwa mikono miwili. Ya thelathini nikaona anauma midomo asicheke.

Akabonyeza tena.

"Thelathini na nane."

Bado nimeshika meza.

"Jibu nilikuwa nalo tangu pale getini," akasema. "Nilitaka tu nilitoe mwenyewe. Nakubali."

Nikamkumbatia na koti langu la maabara likiwa na wino, na machozi yakanitoka bila aibu. Tukiwa hivyo simu ikaita. Shangazi, ambaye mwezi mzima alikuwa amejizuia.

"Mwanangu, nisamehe, nimeshindwa kuvumilia. Yule binti amesemaje? Amekubali, eti? Najua amekubali."

"Subiri kidogo, Shangazi," nikasema, nikampa mchumba wangu simu ajibu mwenyewe.