Keki Isiyoumuka

Jumamosi ile ya Januari soko la Bury, kaskazini mwa Uingereza, lilifurika watu na maji kwa pamoja. Mvua ilipiga maturubai, wanawake wakasukumana kwa vikapu na miavuli, na harufu ya vitunguu vya kukaanga ikapita katikati yao bila kuomba njia. Nyuma ya meza yake ya mikate, Janine Ormerod, aproni ya miraba ya buluu, kitambaa chekundu kichwani, unga mpaka kwenye nyusi, aliigeuzageuza keki moja kwa hasira.

"Bi Marjorie, hebu itazame hii," alimwambia jirani yake, mama wa makamo aliyeuza soseji za damu na kugawa umbea bure. "Imetoka sad. Sad kabisa! Ukimpiga nayo mtu unafungwa."

Kwa Waingereza wengine neno hilo ni la mtu mwenye huzuni. Watu wa Lancashire, upande huo wa Bury, huliita hivyo hata andazi au keki iliyokataa kuumuka, ikakaa nzito kama tofali.

"Samahani, dada," sauti ya kiume ilisema. "Ungeweza kurudia ulivyosema? Polepole?"

Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, koti la mvua la kijivu limemfika magotini, tai imefungwa vizuri, viatu vya mtu asiyezoea matope. Mkononi alishika kadi ndogo nyeupe na kalamu. Moyo wa Janine ukapiga pa!

"Jamani mpenzi, hii siiuzi! Ilikuwa inakwenda kwa bata wa mtoni. Usiniandike, bwana afya, nakuomba."

"Mimi si bwana afya. Mimi natengeneza kamusi."

"Afadhali angekuwa bwana afya," Bi Marjorie alidakia.

Mgeni aliona haya, uso ukamwiva mpaka masikioni. Aliitwa Alban Pettifer, na alikuwa amepanda treni kutoka Oxford kwa sababu ya neno hilohilo. Kule ofisini kwao walikuwa wakibishana: je, bado kuna watu wanaoliita andazi zito hivyo, au matumizi hayo yamekufa, yawekewe alama ya msalaba kama ilivyo desturi yao kwa maneno ya marehemu?

"Na wewe umelitamka mbele yangu bila kuulizwa!" alisema, macho yakimng'aa kama mtu aliyeokota pete.

"Mpenzi, we ni mzima kweli?"

Ilikuwa mara ya pili kumwita mpenzi, na Alban akajikuta anaishika tai yake. Hakujua kwamba Janine alimwita hivyo kila mteja, polisi, tarishi na vikongwe wa miaka tisini. Aliinunua ile keki, akasimama palepale mvuani akaila yote, mpaka chembe za mwisho kiganjani. Janine alimtazama akicheka, na ndani ya kicheko hicho akahisi furaha ambayo hakuwa ameionja tangu amzike mama yake, mwaka mmoja nyuma.

Wiki iliyofuata mtu wa kamusi alirudi. Na iliyofuata tena. Ikawa kila Jumamosi Alban yuko kwenye foleni na mwavuli wake, na kila Jumatano saa moja jioni simu inalia nyumbani kwa kina Ormerod.

"Haya niambie," Janine alisema, amejikunyata ngazini na waya wa simu kidoleni. "Neno letu limefika wapi?"

"Miaka elfu moja nyuma. Zamani zile halikuwa na huzuni hata kidogo. Lilikuwa la mtu aliyeshiba."

"Aliyeshiba chakula?"

"Chakula, vita, chochote. Ametosheka, basi."

"Sasa hao watu shibe yao iligeukaje kilio?"

"Hapo ndipo utamu ulipo. Aliyeshiba ni mzito, si ndiyo? Kwa hiyo likaanza kutumika kwa kitu kizito, imara, kisichoyumba. Kisha kwa mtu wa kutegemewa. Baadaye mtu makini, asiyechekacheka. Na huyo, ukimtazama kwa mbali..."

"Unadhani kafiwa."

"Hasa! Lakini ninyi wa Lancashire mkabaki na uzito wake kwenye unga."

"Tulijua hamtarudi kuuchukua. We Pettifer wewe, unavyolisimulia mtu atadhani ni shangazi yako."

Alicheka upande wa pili, kicheko cha mtu asiyekizoea. Janine alikingoja kicheko hicho wiki nzima, ingawa angeulizwa angekana. Kukana kwenyewe hakukumsaidia. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na baba yake alishaanza kuondoka sebuleni kila Jumatano kabla simu haijalia.

Jumatano moja ya Machi alimweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Siku mama alipokufa nilirudi kutoka hospitali nikakanda unga. Sijui kwa nini. Mikono ilitaka kazi. Mkate ukatoka sad, Alban. Mama angeutupa. Mimi nilikaa jikoni nikaula wote, peke yangu, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa na mimi ndani."

Alban alinyamaza muda mrefu, na Janine, machozi yakimtiririka, alijua kwamba kule Oxford kuna mtu analia pamoja naye.

"Unanipenda wewe?" alimuuliza, sauti ndogo.

"Kuna barua moja ya zamani sana," Alban alianza, "mfanyabiashara alimwandikia mkewe kwamba..."

"Sikumuuliza mfanyabiashara."

"Basi kuna ubeti wa..."

"Alban! Nakuuliza wewe."

Akacheka kile kicheko chake, akasema treni ya Jumamosi ni ya saa mbili. Kazini kwao kulikuwa na sheria moja kubwa: mtengeneza kamusi hatungi mfano. Kila sentensi lazima iwe ya mtu mwingine, na tarehe yake, na mahali ilipotoka. Alban aliishika sheria hiyo miaka kumi na mitano, mpaka ikamfuata nyumbani na kukaa naye mezani.

Mwishoni mwa Aprili Janine alimwachia Bi Marjorie meza ya mikate, akavaa gauni la kijani kibichi lenye vifungo vya lulu za bandia, akapanda treni kwenda Oxford na kopo la keki mapajani. Alban alimpokea kituoni, akasahau kumsalimu kwa jinsi alivyomkodolea macho. Alimpeleka ofisini, chumba cha madirisha marefu na rafu mpaka darini, kadi juu ya kadi, maelfu kwa maelfu. Siku hiyo hakukuwa na mtu mwingine.

"Kaa, nichemshe chai," alisema. "Usiguse kitu, mavumbi yatakuchafua."

Mwambie mwanamke usiguse! Juu ya meza yake palikuwa na boksi la viatu lililoandikwa neno lao. Janine alilifungua akitabasamu. Kadi ya kwanza ilikuwa na maneno yake ya siku ile ya keki ya bata. Ya pili, mzaha wake kuhusu shangazi. Akacheka. Kisha akaishika ya tatu.

*Siku mama alipokufa nilirudi kutoka hospitali nikakanda unga.* Neno kwa neno, mpaka mwisho. Na chini yake, kwa mwandiko safi: *J. Ormerod, mwokaji, mwanamke, miaka 34. Bury, kwa simu, 11 Machi 1987.* Pembeni palikuwa na mhuri na nambari.

Alban alirudi na vikombe viwili.

"Nilikuwa nalia," Janine alisema. "Na wewe ulikuwa unaandika."

"Janine..."

"Nilidhani unalia na mimi! Ulinyamaza vile, nikasema moyoni, huyu ndiye. Kumbe kalamu!"

Hapo Alban angeomba radhi, mambo yangekwisha. Lakini alishikwa na woga, na mtu mwenye woga hukimbilia anachokijua.

"Hatujapata ushahidi mzuri kama huo kwa miaka mingi," alisema. "Ndani yake kuna uzito na kuna huzuni, zote mbili..."

Janine alilichukua kopo lake la keki.

"Bwana Pettifer," alisema, na hilo bwana lilimkata Alban kuliko tusi. "Umechukua kila neno langu. La kwako hujanipa hata moja. Usinisindikize, njia naijua."

Alilia kutoka Oxford mpaka Manchester, na keki akampa kondakta.

Wiki tano zikapita. Simu ililia kila Jumatano saa moja, na baba yake akajibu "Hayupo" huku binti mwenyewe amesimama pembeni yake amekunja mikono kifuani. Mikate yake ilitoka vizuri kupita kawaida. Yeye ndiye aliyekonda.

"Mrudie," alisema Bi Marjorie.

"Maji yakimwagika hayazoleki."

"Sasa mbona kila Jumamosi unaitazama foleni kama unayemngoja bwana afya?"

"Bi Marjorie, uza soseji."

Tarehe sita Juni jua lilitoka, na foleni ya Janine ilifika kwa muuza maua. Katikati yake kilichomoza kichwa kirefu. Hakuvaa koti wala tai. Hakuruka zamu ya mtu, maana kuruka foleni Bury ni kutafuta kifo. Alisogea hatua kwa hatua nyuma ya wanawake wanane, boksi la viatu kwapani. Janine alihesabu: watano, watatu, mmoja. Akampa mtu mkate usio wake.

"Nikusaidie nini?" alisema, bila mpenzi.

Alban aliliweka boksi mezani. "Zako zote zimo humu. Na ile pia. Nimeitoa kwenye kumbukumbu za ofisi, nakala zake nimezichukua pia, nambari imefutwa. Neno litajitegemea bila hiyo."

Janine alijua kadi ile ina thamani gani kwa Alban. Aliitafuta, akaisoma tena palepale, na safari hii aliona kitu ambacho hasira ilimficha siku ile: wino wa mstari wa mwisho ulikuwa umechuruzika, doa la duara, kisha doa lingine.

"Hii ni mvua?" aliuliza.

"Nilikuwa ndani ya nyumba," alisema Alban.

"Uliandika huku unalia," alisema Janine.

"Sikujua namna nyingine ya kulia."

"Jamani, foleni!" mama mmoja wa nyuma alipiga kelele.

"Nyamaza wewe, kuna jambo hapa," Bi Marjorie alimjibu.

"Kadi zote hizi ni zangu," Janine alisema polepole. "Ya kwako iko wapi?"

"Kuna mshairi mmoja alisema..." Alban alianza. Akasita. Akakifunika kinywa kwa mikono miwili, akaishusha. "Hapana. Hakuna mshairi. Janine, mimi nikiwa na wewe nimeshiba. Ukiondoka nina huzuni, hata chai siimalizi. Na katikati hapo nataka kuwa mtu wako wa kutegemewa. Nimelisoma neno lile miaka mingi nisielewe liliwezaje kubeba mambo hayo yote. Sasa naelewa. Nakupenda. Nataka nikuoe, kama utamkubali mtu anayesema vibaya namna hii."

Soko halikunyamaza, soko halinyamazi. Lakini foleni nzima ilisogea kusikiliza.

Janine alichomoa penseli iliyokuwa sikioni kwake, akavuta mfuko mtupu wa mkate.

"Rudia," alisema. "Polepole."

Alban akarudia, akikwama palepale alipokwama mwanzo, na Janine akaandika kila neno, machozi yakidondokea karatasi. Chini akaongeza: *A. Pettifer, mwanamume, miaka 38. Soko la Bury, 6 Juni 1987.* Akaukunja mfuko, akautia ndani ya aproni, upande wa moyo.

"Huu hauendi Oxford," alisema. Kisha akaichukua kadi ya mama yake, akamrudishia Alban. "Lakini hii nenda nayo. Mama alinifundisha neno lile, naye angependa kukaa kitabuni. Uandike na jina lake. Edna."

"Nitaliandika," Alban alisema kwa sauti iliyokatika.

"Samahani, amekubali au hajakubali?" aliuliza yule mama wa nyuma. "Maana mimi nataka mikate sita."

"Nimekubali," alisema Janine, akijipangusa uso kwa mkono wenye unga. "Zunguka huku nyuma, mpenzi, unifungie hiyo mifuko."

Alban alizunguka. Janine akamgeukia mteja wake.

"Mikate sita, mama?" alisema. Bi Marjorie, aliyemsikia akimwita mpenzi kila mtu kwa miaka kumi na moja, alisahau soseji zake mkononi.