Tunasikitika au Tunalaani

"Futa hilo neno!"

"Sifuti ng'o!"

Msemaji wa wizara ya mambo ya nje aliikumbatia karatasi yake kama mtoto anayekaribia kuporwa. Mbele yake alisimama mchumba wake, afisa anayeshughulikia nchi jirani. Ofisi nzima ilimwita Mizani, maana hata sukari ya chai aliisawazisha kijikoni kwa kidole. Ukumbini, waandishi walikuwa wanasubiri tamko: askari wa jirani walikuwa wamewapiga risasi watu waliokwenda kuzika.

"Mpenzi, andika 'tunasikitika'. Jirani ndiye anayetuuzia umeme. Akikata?"

"Tutawasha jenereta. Waliopigwa risasi makaburini watawasha nini?"

"Hatuna ubavu wa kulaani! Ukilisoma hilo, harusi tuisahau."

Msemaji alimtazama kuanzia tai hadi viatu.

"Mama yako aliponiita jungu bovu mbele ya shangazi zangu, ulimjibu nini?"

"Nilisema... nasikitika."

"Uliogopa atakata nini?"

Msemaji akavua pete, akaitumbukiza kwenye kopo la sukari, akatoka. Sauti yake ikasikika hadi koridoni:

"Tunalaani!"

Alasiri feni ilizunguka kivivu, ikafa. Msemaji alikuwa anapanga vitu vyake kwenye boksi, kikombe, kanga, viatu vya akiba. Simu ikalia; alikuwa Mizani.

"Wameukata. Uko wapi?"

"Nafungasha. Bosi kanisimamisha kazi. Furahi sasa."

"Usitoke hapo!"

Lifti ilikuwa imezimika. Mizani akatokea akihema kwa ngazi, tai iko begani, simu mkononi, sauti ya mama yake inafoka nje nje:

"Yaani umenilaani mimi niliyekuzaa?"

"Hapana, mama. Nimelaani matamshi, sijamlaani mama. Na bosi nimemwambia, akimfukuza huyu, anifukuze na mimi."

"Umerogwa wewe!"

"Basi nimerogwa. Jungu bovu halitasemwa tena."

Mama akakohoa.

"Haya. Nipe huyo jungu... nipe mkwe wangu."

Msemaji akaziba mdomo, kicheko kikampenya vidoleni.

"Mwambie mkwe wake yuko kwenye kikao. Na umeme je, Mizani?"

"Tutapanda ngazi."

Akafungua kiganja cha pili. Pete ilikuwa imegandwa na chembe nyeupe.

"Mbona ina sukari yote hii?"

"Leo sikupima."